Mali Bila Daftari: Maisha ya Carl Linnaeus

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Misitu, mito na bahari ni mali isiyo na kifani, lakini kwa karne nyingi mali hiyo haikuwa na daftari moja la kueleweka na watu wote. Aliyelifungua daftari hilo ni Carl Linnaeus wa Uswidi. Sisi humsikia kwenye kipindi cha bayolojia, jina likatajwa mara moja kisha tukapita mbio. Hebu basi, wanachama wenzangu, tumtazame pole pole.

Linnaeus alizaliwa tarehe 23 Mei 1707 katika kijiji cha Råshult, kusini mwa Uswidi. Baba yake, Nils, alikuwa kasisi mwenye mapenzi makubwa ya bustani, na mtoto akakua akicheza na maua. Shuleni mjini Växjö mambo hayakuwa mazuri. Walimu wakamwambia mzee kuwa kijana huyu hafai kuwa kasisi, ati afadhali apelekwe akajifunze kazi ya mikono kama kushona viatu. Bahati nzuri daktari mmoja, Johan Rothman, ambaye pia alifundisha shuleni hapo, aliona kipaji ambacho wengine hawakukiona. Alimtuliza baba, akamfunza kijana utabibu na elimu ya mimea.

Mwaka wa 1728 Linnaeus alijiunga na Chuo Kikuu cha Uppsala. Umaskini ulimwandama kweli kweli. Viatu vilitoboka akawa anavitia karatasi ndani ili miguu isiguse chini. Hata hivyo hakuacha kukusanya mimea. Siku moja mwaka wa 1729 profesa mzee, Olof Celsius, alimkuta bustanini, akashangazwa na ujuzi wake, akampa mahali pa kulala na chakula. Waama, penye nia pana njia.

Mwaka wa 1732 alifunga safari ya miezi mitano hadi Lapland, kaskazini ya mbali yenye baridi kali. Huko aliishi miongoni mwa Wasami, wafugaji wa kulungu, akawauliza wanakula nini, wanajitibu kwa majani gani, na yote akayaandika. Hakuona aibu kufundishwa na mfugaji asiyejua Kilatini.

Mwaka wa 1735 alikwenda Uholanzi, akapata shahada ya udaktari na kuchapisha kitabu chake *Systema Naturae*. Kilikuwa na kurasa chache mno, lakini kilijaribu kupanga viumbe vyote katika makundi. Wakati ule jina la mmea mmoja lilikuwa sentensi nzima ya Kilatini kuhusu shina, majani na maua, na kila mtaalamu alikuwa na sentensi yake. Mtu wa Paris na mtu wa London wangeweza kubishana mwezi mzima kumbe wanazungumzia nyanya ile ile! Linnaeus akaleta dawa: kila kiumbe kiwe na majina mawili tu. Katika kitabu chake cha 1753 alitaja aina karibu 6,000 za mimea, na mwaka wa 1758 akafanya vivyo hivyo kwa wanyama. Mahindi tunayokula yakawa *Zea mays*, mwembe ukawa *Mangifera indica*. Majina hayo yangali yanatumika.

Je, mtu mmoja angewezaje kuyajua yote hayo? Hapa ndipo penye kiini cha habari hii. Hakuyajua peke yake. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Alipokuwa profesa huko Uppsala, kuanzia 1741, aliwatoa wanafunzi wake mashambani kutafuta mimea na wadudu. Wakati mwingine walizidi mia moja. Kila aliyepata kitu kigeni alikileta mbele, mwalimu akakieleza. Jioni walirudi mjini kwa ngoma na baragumu wakimshangilia. Fauka ya hayo, watu wa nchi nyingi walimwandikia barua na kumtumia mbegu, majani makavu na makombe. Mimea iliyokaushwa aliibandika kwenye karatasi zisizofungwa pamoja kama kitabu, akazipanga kabatini. Hivyo karatasi mpya ikija ilipata nafasi yake bila kuvuruga zile za zamani.

Aliwatuma pia wanafunzi wake ng'ambo, na hiyo haikuwa safari ya mchezo. Wa kwanza, Christopher Tärnström, alifariki mwaka wa 1746 njiani kwenda Uchina, akaacha mke na watoto. Mjane alimlaumu Linnaeus, naye tangu hapo akapendelea kutuma wasiooa. Peter Forsskål alifariki kule Yemen mwaka wa 1763, lakini maandishi yake yaliokolewa na kuchapishwa, pamoja na majina ya Kiarabu ya mimea aliyoambiwa na wenyeji. Tunaposoma jina la mmea kitabuni, tukumbuke kuwa huenda kuna mtu aliyelilipia kwa roho yake.

Haifai hata hivyo kumsifu tu. Linnaeus aliwagawa wanadamu pia, na katika kitabu cha 1758 aliwaeleza Waafrika kwa maneno ya dharau, ilhali hakuwahi kukanyaga bara letu. Yeye aliyewafunza wengine kuchunguza kabla ya kuandika, hapo aliandika ya kusikia. Na ajabu ni kwamba miaka michache baadaye aliupa mti mmoja jina *Quassia*, kwa heshima ya Kwasi, mtu aliyezaliwa Afrika Magharibi na kupelekwa Suriname kama mtumwa, ambaye alijua kutibu homa kwa mti huo mchungu. Maarifa ya Mwafrika yalimfikia, na yakaingia daftarini.

Linnaeus aliaga dunia tarehe 10 Januari 1778. Mwanawe, aliyerithi mkusanyo wake, naye akafa mwaka wa 1783. Mwaka uliofuata mjane, Sara Elisabeth, aliuuza kwa kijana Mwingereza, James Edward Smith, mwenye umri wa miaka 24. Mimea ipatayo 14,000, wadudu, makombe, vitabu na barua vikapakiwa melini kwenda London. Uswidi ikabaki mikono mitupu. Tangu 1788 kuna chama cha wanasayansi huko chenye jina la Linnaeus, nacho ndicho kinachoutunza mkusanyo huo. Siku hizi picha zake zimewekwa kwenye intaneti, kila mtu azione bila malipo.

Kazi aliyoianza haijakwisha. Tangu 2001 kuna mtandao wa GBIF, unaounganisha rekodi za viumbe kutoka nchi nyingi. Rekodi nyingine hutoka katika makabati kama yale ya mimea mikavu katika Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Nyingine hutoka kwa raia wa kawaida, kama wale wa mradi wa Kenya Bird Map wanaoandika ndege waliowaona, wapi na lini. Hawaulizwi shahada, wanatakiwa kusema kweli tu.

Ndugu msomaji, bibi yako anayajua majina ya miti ambayo labda hayajaandikwa popote. Chukua kalamu umuulize. Usisahau kuandika tarehe, mahali, na jina la bibi mwenyewe.