Binti Salme na Nyumba ya Mtoni

Washarika wengi wa Kinondoni na Temeke wamekwisha kuvuka bahari kwenda Unguja, nao huonyeshwa Mji Mkongwe pamoja na kanisa kuu la Anglikana lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Wachache hufika Mtoni. Ni mwendo mfupi tu kaskazini mwa mji, upande wa barabara iendayo Bububu, na ndipo yalipo magofu ya jumba la shamba la Sultani Seyyid Said bin Sultan. Humo alizaliwa, tarehe 30 Agosti 1844, binti yake Salme, ambaye ulimwengu ulimjua baadaye kwa jina la ubatizo, Emily Ruete.

Moto uliteketeza sehemu kubwa ya jumba hilo mwanzoni mwa karne ya 20. Hata hivyo mgeni huziona kuta nene, mabaki ya mabafu, na ufuo ule ambao familia ya Sultani iliutazama kila siku. Hapo waliishi mamia ya watu, wengi wao watumwa, na mamaye Salme mwenyewe, Jilfidan, alikuwa suria aliyetoka nchi ya Wacherkesi. Wasichana walifundishwa kusoma tu. Salme akajifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia.

Kalamu hiyo ndiyo iliyomponza. Baba alifariki mwaka 1856, na mwaka 1859 mama akachukuliwa na kipindupindu. Mwaka huo huo kaka yake Barghash alifanya njama ya kumpindua kaka yao Majid, na binti huyu wa miaka 15 akawa mwandishi wa barua za waasi. Njama ikashindwa. Majid, yule yule aliyeanza kuujenga mji wetu wa Dar es Salaam katika miaka ya 1860, alimsamehe. Lakini kwa kupatana naye Salme aliwapoteza ndugu wa upande wa pili.

Kisha akapendana na mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete. Akiwa mjamzito, alitoroka mwezi Agosti 1866 kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden. Huko, tarehe 30 Mei 1867, alibatizwa na kufunga ndoa siku moja. Wako wapendao kumhesabu miongoni mwa matunda ya kwanza ya Injili katika pwani yetu. Sisi twasita. Mwenyewe alikiri katika maandiko yake kwamba Ukristo wake ulikuwa na upungufu, na ni vigumu kumlaumu, kwani malezi aliyopata katika imani mpya yalikuwa machache mno.

Huko Hamburg alizaa watoto watatu. Mwaka 1870, kabla hajatimiza miaka 26, mumewe aligongwa na gari la reli ya mjini akafa. Mjane akaishi kwa kufundisha lugha, akihama mji hata mji. Mwaka 1885 serikali ya Bismarck ilimrudisha Unguja pamoja na manowari zake, ili madai yake ya urithi yamtishe Barghash, aliyekuwa Sultani wakati huo. Wajerumani walipata walichokitaka katika bara letu. Yeye hakupata urithi wala hakupokewa na kaka yake, kwa kuwa alikuwa ameiacha dini ya wazazi wake. Mwaka uliofuata alichapisha kumbukumbu za maisha yake, kitabu chenye thamani kubwa, ijapokuwa yasikitisha kwamba ndani yake aliutetea utumwa. Alijaribu tena mwaka 1888, bila mafanikio, kisha akaishi miaka mingi Beirut na Jaffa.

Alifariki mjini Jena tarehe 29 Februari 1924, akazikwa Hamburg katika makaburi ya Ohlsdorf, kwenye kiwanja cha ukoo wa mumewe. Husimuliwa kwamba katika vitu vyake ulikutwa mfuko mdogo wa mchanga wa pwani ya Unguja, nao ukazikwa pamoja naye.