JONNI MYYRÄ, MRUSHA MKUKI WA FINLAND

Katika ukurasa huu wa michezo tunawaletea maisha ya mtu aliyeshinda Olimpiki mara mbili na kisha akafia ugenini.

Jonni Myyrä alizaliwa tarehe 13 Julai 1892 huko Savitaipale, kusini-mashariki mwa Finland. Wakati huo nchi yake ilikuwa chini ya Kaisari wa Urusi. Mwaka 1912 alikwenda Olimpiki ya Stockholm, Sweden, akiwa hajatimiza miaka 20. Wafini waliruhusiwa kuwa na timu yao, ila bendera yao walinyimwa. Aliposhinda Mfini, ilipandishwa ya Urusi. Myyrä alikuwa wa nane.

Olimpiki ya 1916 haikufanyika kwa sababu ya Vita Kuu ya Kwanza. Alikuwa na miaka 24, umri ambao mkono wa mrusha mkuki una nguvu kamili, na miaka hiyo hairudishwi na mtu. Desemba 1917 Finland ikajitangazia uhuru. Januari 1918 Wafini wakaanza kupigana wenyewe kwa wenyewe. Vita vile viliisha Mei, lakini waliokufa walizidi 30,000, maelfu yao katika kambi za wafungwa kwa njaa na maradhi. Wasomaji wetu wengi hawahitaji maelezo zaidi juu ya mambo ya namna hiyo.

Tarehe 25 Agosti 1919 Myyrä alirudi Stockholm, akarusha mkuki wa gramu 800 umbali wa mita 66.10. Hiyo ikawa rekodi ya dunia hadi 1924. Mwaka 1920, huko Antwerp, Ubelgiji, Finland ilishiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza ikiwa na bendera yake, na yeye akashinda kwa mita 65.78. Wa pili, wa tatu na wa nne walikuwa Wafini wenzake! Kwa nchi iliyotoka kumwaga damu yake yenyewe miaka miwili tu nyuma, sisi tunaona hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko medali.

Mwaka 1924 mjini Paris, akikaribia miaka 32, alishinda tena kwa mita 62.96. Alimwacha Gunnar Lindström wa Sweden kwa zaidi ya mita mbili, ingawa Oktoba ya mwaka huohuo Lindström aliichukua rekodi ya dunia.

Baada ya hapo Myyrä alihamia Marekani. Husemwa kwamba alikuwa anawakimbia wadai. Deni ni deni, hatumtetei, lakini mita za Antwerp hazikupungua kwa sababu hiyo.

Mwaka 1952 Olimpiki ilifanyika Helsinki, mji mkuu wa Finland. Mkuki ulishindwa na Mmarekani, Cy Young, mzaliwa wa California. Myyrä alifariki tarehe 22 Januari 1955 katika jimbo hilohilo la California, mjini San Francisco, akiwa na miaka 62.