Cameron, mpelelezi aliyerudi na kipande cha makaa ya mawe

Na Mwandishi Wetu, Tabora

OKTOBA 1873, katika tembe la Kwihara, kilomita chache kutoka Tabora mjini, Luteni Verney Lovett Cameron alikuwa hoi kwa homa, macho yakiwa hayaoni sawasawa. Ndipo msafara wa Susi na Chuma ulipomletea taarifa kuwa Dk. David Livingstone, aliyetumwa kumsaidia, alikwisha kufa.

Cameron alizaliwa mwaka 1844 kusini mwa Uingereza, akaingia jeshi la wanamaji angali mtoto wa miaka 13. Kiswahili alijifunza akiwa kwenye meli zilizosaka majahazi ya watumwa katika pwani yetu.

Wenzake hawakubahatika. Moffat alifia njiani; Dk. Dillon, aliyechanganyikiwa kwa homa, alijipiga risasi baada ya kuondoka Tabora kurudi pwani.

Cameron hakurudi. Vita vya Mtemi Mirambo vilikuwa vimefunga njia ya kawaida ya Ujiji, hivyo alizungukia kusini na wapagazi wake, chini ya uongozi wa Sidi Mubarak Bombay, aliyekuwa mzoefu wa misafara tangu enzi za Burton na Speke.

Alifika Ujiji Februari 1874, akaichora sehemu ya kusini ya Ziwa Tanganyika. Mwezi Mei aliuona Mto Lukuga, akatangaza kuwa ndio mlango wa maji ya ziwa kuelekea magharibi. Stanley alitilia shaka, lakini baadaye maji yalijaa, yakazoa magugu yaliyouziba mto, na Cameron akaonekana mkweli. Novemba 1875 alitokea Benguela, kwenye Bahari ya Atlantiki.

Aliporejea kwao mwaka 1876 aliwaeleza Waingereza juu ya dhahabu, shaba na chuma cha bara, na kwamba alikuwa na kipande kidogo cha makaa ya mawe mazuri. Kwa masikio ya wakati ule hiyo ilikuwa habari tamu. Meli, reli na viwanda viliendeshwa kwa makaa hayo, na pembe za ndovu zilizopita Tabora mabegani mwa wapagazi ziliishia katika piano za Ulaya na Marekani.

Moshi haukumsumbua mtu, ingawa mwaka 1859 John Tyndall alikwisha kuonyesha kuwa hewa ya ukaa hunasa joto. Cameron alifariki mwaka 1894 kwa kuanguka kutoka juu ya farasi. Miaka miwili baadaye Svante Arrhenius wa Sweden alikokotoa joto ambalo dunia ingelipata iwapo hewa hiyo ingeongezeka maradufu.

Siku za Cameron hewa ya ukaa ilikuwa chini ya sehemu 300 katika kila milioni; leo imepita 420. Utafiti uliotolewa mwaka 2010 ulionyesha kuwa maji ya juu ya Ziwa Tanganyika yalifikia nyuzi 26 za Selsiasi, joto lisilopata kuonekana kwa miaka 1,500.

Maji ya juu yakipata joto huwa mepesi, hayachanganyiki na ya chini yaliyo baridi, na rutuba hubaki kilindini. Vijimea hupungua, na dagaa hukosa chakula. Uvuvi uliokithiri nao umechangia, lakini watafiti wameona samaki wakianza kupungua kabla ya uvuvi wa kisasa. Hao ndio dagaa wa Kigoma wanaoletwa Tabora kwa treni.

Mwaka 2024 Serikali ilifunga uvuvi ziwani humo kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei, ili samaki wazaliane.