Achieng' Oneko, waziri aliyeitia runinga mikononi mwa serikali

Julai 1, 1964, Shirika la Utangazaji la Kenya (KBC), lililokuwa likiendesha redio na runinga kwa ubia na makampuni ya nchi za nje, lilitaifishwa na kupewa jina jipya, Sauti ya Kenya. Waziri aliyesimamia mageuzi hayo alikuwa Ramogi Achieng' Oneko, mtu aliyekuwa ametoka kizuizini miaka mitatu tu iliyotangulia.

Oneko alizaliwa mwaka 1920 huko Uyoma, katika eneo ambalo sasa ni Kaunti ya Siaya, akasoma Shule ya Maseno. Kabla ya siasa kumteka kabisa alikuwa mwanahabari. Alihariri gazeti la Ramogi, lililotolewa kwa Kijaluo, wakati ambapo Mwafrika mwenye gazeti lake alitazamwa na wakoloni kwa jicho la shaka. Jina la gazeti hilo, ambalo ni la babu mkuu wa Wajaluo, likamganda hadi kaburini.

Mwaka 1951 chama cha KAU kilimtuma Ulaya pamoja na Mbiyu Koinange kupeleka malalamiko ya Waafrika kuhusu ardhi. Usiku wa Oktoba 20, 1952, hali ya hatari ilipotangazwa, alikamatwa. Pamoja na Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Kung'u Karumba na Paul Ngei, alishtakiwa Kapenguria na kuhukumiwa kifungo cha miaka saba. Rufaa yake ilifaulu mwaka 1954, lakini ushindi huo ulikuwa wa karatasi tu, kwani hakuachiliwa. Aliendelea kuzuiliwa, ikiwemo katika kisiwa cha Manda karibu na Lamu, hadi mwaka 1961.

Alipochaguliwa mbunge wa Nakuru Mjini mwaka 1963 na kuteuliwa Waziri wa Habari, Utangazaji na Utalii, alikuta runinga yenye umri wa miezi michache. Ilikuwa imeanza mwaka 1962 kwa mtambo uliowekwa katika nyumba ya shamba huko Limuru, na picha zake zilifika umbali wa kilomita 24 hivi. Waliozitazama ni wakazi wa Nairobi na viunga vyake, hasa wazungu, Wahindi na Waafrika wachache wenye uwezo wa kununua seti.

Mawimbi ya runinga husafiri takriban kama mwanga. Hayapindi kufuata mviringo wa dunia, na yakikutana na mlima hukoma. Ndiyo sababu kituo kimoja hakiwezi kuhudumia nchi nzima. Ni lazima mtambo mwingine uwekwe kileleni, uyapokee mawimbi yaliyofifia, uyatie nguvu na kuyarusha upya kuelekea bonde linalofuata, na mwingine baada ya huo. Kwa mtu wa Burat, nje kidogo ya mji wa Isiolo, kati yake na Limuru ulisimama Mlima Kenya wenyewe wenye urefu wa mita 5,199. Hata angekuwa na seti ya fahari kiasi gani, asingeona chochote ila chenga.

Jambo hilo halikuwa dogo wakati ule. Juni 28, 1963, majuma manne tu baada ya Oneko kuingia wizarani, Mkuu wa Wilaya ya Isiolo, Daudi Dabasso Wabera, aliuawa kwa risasi pamoja na Chifu Galma Dido. Mzozo wa iliyokuwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ulikuwa unageuka vita, vile vilivyokuja kuitwa vita vya Shifta, na Desemba mwaka huo hali ya hatari ikatangazwa kaskazini mashariki. Vita hivyo vilipiganwa pia hewani. Redio Mogadishu ilipeleka matangazo yake kwa Kisomali moja kwa moja hadi kwenye manyatta na visima vya kaskazini, bila kuhitaji kilima chochote. Hewa iliyomilikiwa nusunusu na wageni, ambayo picha zake ziliishia Limuru, isingeweza kushindana nayo. Mkataba uliofikiwa Arusha Oktoba 1967, kwa upatanishi wa Rais Kenneth Kaunda wa Zambia, uligusia wazi kwamba pande zote mbili ziache propaganda za uhasama redioni na magazetini.

Hivyo Oneko aliona utangazaji kuwa chombo cha kujenga taifa. Chini ya wizara yake, mwaka 1963, lilianzishwa Shirika la Habari la Kenya (KNA) ili taarifa za nchi ziandikwe na Wakenya wenyewe. Kutaifisha KBC kulifuata mantiki hiyo hiyo, na kwa mwaka ule ni vigumu kumlaumu. Lakini kasoro ilikuwapo tangu mwanzo. Kituo kilichofanywa idara ya wizara humtii waziri, na waziri hubadilika.

Yeye mwenyewe ndiye aliyebadilika kwanza. Mwaka 1966 alijiuzulu na kumfuata Jaramogi Oginga Odinga katika chama cha KPU. Bunge likapitisha sheria iliyowalazimu waliohama chama kurudi kwa wapiga kura, na katika uchaguzi mdogo wa Juni akapoteza kiti cha Nakuru. Mhariri wa zamani wa Ramogi sasa hakuwa na gazeti wala wizara, na Sauti ya Kenya aliyoiasisi ilikuwa sauti ya wapinzani wake. Oktoba 1969, baada ya ghasia za Kisumu ambapo watu waliuawa kwa risasi wakati wa ziara ya Rais Kenyatta, KPU ilipigwa marufuku na viongozi wake kutiwa kizuizini. Oneko alikaa ndani hadi mwaka 1975. Mara hii aliyemzuilia ni mwenzake wa Kapenguria.

Runinga iliendelea kupanuka bila yeye. Kituo cha Mombasa kilifunguliwa mwaka 1970, rangi ikaingia mwaka 1978, na mwaka 1989 jina la KBC likarejeshwa. Mitambo ilipanda vilimani, Mazeras upande wa pwani, Timboroa upande wa magharibi, na Nyambene, safu inayoitazama Isiolo kutoka kusini mashariki. Kutoka vilima hivyo vya Meru, mawimbi hayana tena Mlima Kenya wa kuyazuia njiani kuelekea Burat.

Mwaka 1992, vyama vingi viliporudi, Oneko alichaguliwa mbunge wa Rarieda kwa tiketi ya Ford-Kenya, akiwa na umri wa miaka 72. Alihudumu kipindi kimoja. Alifariki Juni 9, 2007, nyumbani kwake Kunya, Rarieda, akiwa wa mwisho kuaga dunia miongoni mwa sita wa Kapenguria. Wakati huo ukiritimba wa runinga ya serikali ulikuwa umevunjika tangu mwaka 1990, kituo cha KTN kilipoanza kurusha matangazo Nairobi.