Franco: Gitaa la mkebe lililovutia wateja wa mandazi

GITAA la kwanza la Franco Luambo Makiadi lilikuwa mkebe uliofungwa nyaya za umeme.

Gwiji huyo wa rumba alizaliwa mwaka wa 1938 Sona Bata, Kongo, akalelewa Leopoldville, jiji ambalo sasa ni Kinshasa. Babake alifariki Franco angali mdogo, na mamake akawa akiuza mandazi sokoni ili kuilisha familia. Kijana huyo alipiga gitaa kando yake kuwavutia wateja.

Paul Ebengo Dewayon, aliyemfundisha, alimwingiza katika bendi ya Watam. Mwaka wa 1953, akiwa na miaka 15 tu, Franco alianza kurekodi katika studio ya Loningisa.

Mnamo Juni 1956, yeye na wenzake waliokuwa wakitumbuiza katika baa ya OK waliunda bendi yao. Wakaiita OK Jazz, na kila ilipotajwa, baa nayo ikatangazwa.

Franco aliaga dunia Oktoba 12, 1989, nchini Ubelgiji. Mvulana aliyevuta wanunuzi wa mandazi alikuwa amevuta mashabiki kote Afrika.