Speke, msafiri aliyepima Ziwa Tanganyika kwa maji ya moto

Na Mwandishi Wetu, Kasulu

MAJI yanayochemka jikoni mjini Kasulu au Kibondo hayafiki nyuzijoto 100. Miji hiyo ya nyanda za juu za Kigoma iko zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Huko juu mgandamizo wa hewa ni mdogo, hivyo maji hutokota kabla hayajavuka nyuzijoto 96.

Kwa kanuni hiyo, mwaka 1858 Mwingereza John Hanning Speke alipima kimo cha Ziwa Tanganyika. Alikosea kwa kiasi kisichofika nyuzi moja ya joto, na kosa hilo likachochea mabishano yaliyoendelea hata baada ya yeye kuzikwa.

Speke alizaliwa Mei 4, 1827, katika jimbo la Devon. Mwaka 1844 alijiunga na jeshi nchini India, na mwaka 1855 alinusurika kifo alipochomwa mikuki karibu na Berbera, Somalia, akiwa katika msafara wa Richard Burton.

Juni 1857 wawili hao waliondoka Zanzibar kwenda bara, wakiwa pamoja na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuuzwa utumwani. Walipita Tabora, wakavuka Mto Malagarasi, unaopokea maji ya vilima vya Uha, na Februari 13, 1858 wakafika ziwani. Burton alikuwa hoi kwa maradhi, na macho ya Speke yalikuwa mabovu kiasi kwamba aliona ukungu tu mbele yake.

Barometa ya zebaki, yenye mrija mrefu wa kioo, ilikuwa vigumu kuifikisha salama kwa safari ya miezi vichwani mwa wapagazi. Wasafiri wa enzi hizo walichemsha maji na kutumbukiza kipimajoto: kila wapandapo mita 300 hivi, kiwango cha kuchemka hushuka kwa nyuzi moja. Katika sayari ya Mirihi, ambako mgandamizo haufiki hata sehemu moja kwa mia ya ule wa duniani, maji huweza kuchemka yakiwa karibu na baridi ya barafu.

Hesabu ya Speke ilitoa futi 1,844, yaani mita 562. Kimo halisi cha ziwa ni mita 770 hivi. Agosti 3 mwaka huohuo alifika kusini mwa Ziwa Victoria, akapima kwa njia ileile na kupata futi 3,740, tofauti ndogo mno na kimo kinachojulikana leo.

Speke alitangaza kuwa Victoria ndilo chanzo cha Mto Nile. Burton alikataa, na baadaye akalitetea Tanganyika. Kwa vipimo vya Speke, ziwa hilo lilikuwa chini mno kuweza kuulisha mto huo. Wapinzani wake wakajibu kuwa kipimajoto chake kilikuwa na kasoro. Kuhusu kasoro hiyo, walisema kweli.

Julai 28, 1862, Speke aliyaona maji ya Nile yakitoka Victoria kwenye maporomoko aliyoyaita Ripon, nchini Uganda. Septemba 15, 1864, siku moja kabla ya mdahalo kati yake na Burton mjini Bath, alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni. Alikuwa na miaka 37. Uchunguzi uliamua kuwa ilikuwa ajali.

Novemba 1871, David Livingstone na Henry Stanley walisafiri kwa mtumbwi kutoka Ujiji hadi kaskazini mwa Tanganyika. Waliukuta Mto Ruzizi ukiingiza maji ziwani, wala hauyatoi kuelekea Nile.

Hivyo Speke alikuwa sahihi kuhusu Nile, ingawa kipimo chake cha Tanganyika kilikuwa na kosa. Wenyeji wa ziwa walikuwa wamewaeleza yeye na Burton habari hiyo ya Ruzizi tangu mwaka 1858, bila kuchemsha maji.