John Evelyn na Moshi wa London

Katika mwaka 1620, katika kijiji cha Wotton, kusini ya London, alizaliwa mtoto aliyeitwa John Evelyn. Jamaa zake walikuwa watu wa mali, nao utajiri wao waliupata kwa kutengeneza baruti; lakini moyo wa kijana huyu ulielekea miti, bustani na vitabu. Vita vilipozuka kati ya mfalme wa Uingereza na Bunge lake, yeye alisafiri Ufaransa na Italia, na mwaka 1647 akaoa mjini Paris binti wa balozi wa mfalme. Kisha akarudi kwao, akakaa Deptford, kando ya mto Thames, akapanda bustani iliyosifiwa na wengi.

Siku zile kuni zilikuwa ghali katika London, kwa maana misitu ya karibu ilikuwa imekatwa. Kwa hiyo watu walichoma makaa ya mawe yaliyoletwa kwa merikebu kutoka Newcastle, upande wa kaskazini, na kwa sababu hiyo wakayaita makaa ya bahari. Wapika pombe, wapika sabuni, watia nguo rangi na wachoma chokaa walifanya kazi zao katikati ya nyumba za watu, na moshi wao mweusi ulishuka juu ya wote. Masizi yalichafua nguo zilizoanikwa, yakala chuma na mawe ya makanisa, na watu waliokwenda kusali walikohoa hata mhubiri hakusikika vema. Mfalme Edward wa Kwanza alikuwa amekwisha kuyakataza makaa hayo katika matanuu mwaka 1307, lakini amri yake haikudumu.

Basi siku moja Evelyn alikuwa akitembea katika jumba la mfalme, Whitehall. Mara moshi wa dohani za jirani ukaingia, ukajaza vyumba na kumbi, hata watu hawakuweza kutambuana vizuri. Evelyn akaona uchungu, akaandika kitabu kidogo, Fumifugium, akampa Mfalme Charles wa Pili mwaka 1661.

Shauri lake lilikuwa hili: kazi zote zenye moshi mwingi ziondolewe mjini, zipelekwe mbali upande wa chini wa mto, na kuuzunguka mji yapandwe mashamba ya maua na vichaka vyenye harufu nzuri. Tena alitoa ushahidi. Wakati wa vita mji wa Newcastle ulizingirwa, makaa yakawa haba katika London, na mwaka ule miti ya bustani za katikati ya mji ikazaa matunda kwa wingi usiopata kuonekana. Katika neno moja alikosea: aliwalaumu wenye viwanda peke yao, wala hakuhesabu sana meko ya nyumbani, ambayo yalikuwa maelfu.

Mfalme alipendezwa. Tarehe 1 Oktoba ya mwaka ule walikuwa pamoja chomboni katika mto, naye mfalme akazungumza habari za moshi, akasema kwamba atafanya jambo. Mwezi wa Januari 1662 mswada wa sheria uliandikwa. Lakini haukupata kuwa sheria, na matanuu yakabaki mahali pake.

Mwaka 1666 moto mkubwa uliteketeza sehemu kubwa ya mji. Evelyn akaenda upesi kwa mfalme na ramani ya mji mpya wenye njia pana, lakini haikufuatwa. Wenye viwanja walijenga pale pale pa zamani. Majira ya baridi ya mwaka 1684 mto Thames uliganda, watu wakafanya soko juu ya barafu, na moshi ulizuiliwa chini na baridi hata mtu hakuweza kuona ng'ambo ya njia. Mzee Evelyn aliyaandika hayo katika kitabu chake cha kila siku.

Alikufa mwaka 1706, mwenye umri wa miaka 85. Fumifugium kilipigwa chapa tena mwaka 1772, kwa kuwa moshi ulikuwa umezidi. Mnamo Desemba 1952 ukungu wa moshi ulifunika London siku tano, ukaua maelfu ya watu. Ndipo Bunge likaweka Sheria ya Hewa Safi mwaka 1956, miaka 295 baada ya Evelyn kumpelekea mfalme kitabu chake, na safari hii sheria iligusa meko ya nyumbani pia.